Kinachodumu ni Kinachonakiliwa

Sisi tuliojifunza kompyuta enzi za disketi tumeona vyombo vya kuhifadhia vikipokezana zamu mbele ya macho yetu. Ilianza disketi ya inchi 3.5, yenye nafasi ya megabaiti 1.44, ikibebwa katika mfuko wa shati na kuandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu juu ya kibandiko. Ikafuata CD ya megabaiti 700, ambayo vijana wa vibanda vya muziki waliichoma kutwa kucha. Kisha flashi, memori kadi ya simu, diski ya nje, na sasa wingu. Kila kimoja kiliingia sokoni kwa sifa ileile, kwamba ukishaweka mali yako humo umemaliza kazi. Leo kompyuta nyingi mpya hazina hata pa kuingizia CD, sembuse disketi. Funzo ninaloliona katika historia hiyo fupi ni moja, nalo ndilo ninalolitetea hapa: ndani ya kompyuta hakuna mahali pa kuweka kitu kikakaa chenyewe. Kila kilichomo kipo kwa sababu kinaandikwa upya, pengine mara kadhaa kwa sekunde, pengine mara moja kwa miaka kadhaa. Anayeanza kujifunza akilishika hilo mapema, mengine yote kuhusu kumbukumbu na hifadhi yatamwia mepesi. Asipolishika, atayajua majina ya vifaa vyote na bado atazipoteza picha za harusi yake.

Tuanze na kinachohifadhiwa chenyewe. Kompyuta haijui herufi, picha wala sauti. Inazijua hali mbili tu: chaji ipo au haipo, sumaku imeelekea huku au kule, nasi hali hizo huziandika 1 na 0. Moja kati ya hizo ni biti, na biti 8 zikishikana ni baiti. Herufi ndogo ya k huhifadhiwa kama namba 107, ambayo kwa biti ni 01101011. Neno kitabu lina herufi 6, kwa hiyo linachukua baiti 6, sawa na biti 48. Kiswahili cha herufi za Kilatini kina nafuu hapa, maana hakiweki alama juu ya herufi, na kila herufi yake inaenea katika baiti moja. Herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizoandikiwa tenzi za kale za pwani, huchukua baiti 2 kila moja katika UTF-8, utaratibu wa uandishi unaotumika zaidi leo. Kutoka baiti hesabu hupanda: kilobaiti ni elfu, megabaiti milioni, gigabaiti bilioni, terabaiti trilioni. Watengenezaji wa vifaa hupanda kwa elfu, lakini Windows hupanda kwa 1,024, ndiyo maana flashi ya gigabaiti 32 ikichomekwa huonyesha 29.8. Hapo mnunuzi hajaibiwa. Amepimiwa kwa vipimo viwili. Wizi uko kwingine. Ziko flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti 2, na chipu inayoziongoza imepangwa kuidanganya kompyuta. Nafasi halisi ni gigabaiti chache, na zikijaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hupotelea hewani, huku majina ya faili yakiendelea kuonekana kwenye orodha. Mwanafunzi na alichukue hilo kama somo la kwanza: kuona jina la faili si kuwa na faili.

Sehemu ambayo kompyuta hufanyia kazi inaitwa RAM. Muundo wa seli zake unaotumika mpaka leo ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, akapata hataza yake mwaka 1968. Kila biti ina seli yake, na seli ina vitu viwili tu: kapasita inayobeba chaji, na transista inayofungua na kufunga njia. Chaji ikiwemo ni 1, isipokuwemo ni 0. Kasoro ni kwamba kapasita hiyo ni ndogo mno na inavuja. Ikiachwa bila kuangaliwa, 1 itageuka 0. Kwa hiyo safu zote za seli hupitiwa moja baada ya nyingine, kilichomo husomwa na kuandikwa tena, na duru nzima kwa kawaida hukamilika ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Hata kusoma ni kufuta: ili ijulikane kama seli ina chaji, chaji hiyo lazima itolewe, kisha irudishwe. Barua unayoiona imetulia kwenye kioo huwa imeandikwa upya mara elfu kadhaa katika dakika tano tu za kuifikiria. Umeme ukikatika, kuandikwa huko kunakoma, na kilichokuwa ndani ya RAM hufutika. Watu husema kompyuta imesahau. Ukweli ni kwamba haikuwahi kushika kitu kwa namna ambayo karatasi hushika wino. Ilikuwa ikirudia tu, bila kupumzika, jambo lilelile.

Walimu wengi huwaeleza wanafunzi kwamba RAM ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati la kuwekea. Mfano huo unasaidia kueleza kasi. RAM hujibu ndani ya makumi ya nanosekunde, ilhali diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja. Tofauti ni ya mara laki moja na ushei. Kwa kuwa chombo chenye kasi ni ghali na kina nafasi ndogo, na chenye nafasi kubwa ni cha bei nafuu lakini kizito kujibu, kompyuta inalazimika kuwa na vyote viwili. Lakini mfano huohuo unapotosha mahali penye uzito zaidi. Jalada likitolewa kabatini na kuwekwa mezani, kabati hubaki tupu. Faili ikifunguliwa, haihami, inanakiliwa. Unachokirekebisha kwenye kioo ni nakala iliyo kwenye RAM, na ile iliyo kwenye diski haijui lolote mpaka ubonyeze Ctrl na S. Hata ukishabonyeza, mfumo unaweza kuichelewesha data kidogo kwenye RAM kabla ya kuipeleka kwenye flashi, ndiyo sababu tunaambiwa tusiichomoe flashi kabla kompyuta haijaruhusu. Tena kabati halichoki kushika kilichomo. Diski huchoka.

Hapo ndipo anayeanza hudhani amefika salama: RAM ni ya muda, lakini hifadhi ni ya kudumu. Ni ya kudumu ikilinganishwa na RAM, basi. Diski ya kwanza ya sumaku iliyouzwa ilikuwa ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, na kwa ukubwa wake wote ilibeba herufi milioni 5. Diski za leo hubeba zaidi ya hapo kwa mamilioni ya mara, kwa sababu kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka kwa kasi. Iangushe ikiwa inafanya kazi, kichwa kiguse sahani, na mkwaruzo huo unaondoka na data. Flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, haina kinachozunguka. Inazifungia elektroni nyuma ya ukuta mwembamba usiopitisha umeme, nazo hubaki humo hata baada ya kuchomolewa. Lakini kila kuandika na kufuta kunaudhoofisha ukuta huo, na elektroni huvuja polepole, hasa penye joto. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kupima SSD za watu binafsi, yaani diski zinazotumia flashi, kinadai kwamba diski ya aina hiyo ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa uwezo wake, ishike data bila umeme kwa mwaka 1 tu katika nyuzi joto 30. Nyuzi 30 ni mchana wa kawaida wa Dar es Salaam au Mombasa. Mpya hushika muda mrefu zaidi kuliko huo, lakini mtu anayeitia drooni SSD aliyoitumia miaka mingi, akitumaini wajukuu wataikuta na picha zake, anategemea jambo ambalo mtengenezaji wake hakuliahidi.

Historia ya taasisi kubwa inatoa ushahidi uleule. Julai 1969 watu wa Apollo 11 walipotua mwezini, picha zao zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku zikiwa na ubora zaidi kuliko zile zilizoonekana majumbani. NASA ilipozitafuta kanda hizo miaka mingi baadaye, ilifikia uamuzi mwaka 2009 kwamba huenda zilifutwa na kutumiwa tena, wakati ambapo kanda zilikuwa haba. Tunachokitazama leo kimetokana na nakala hafifu zaidi zilizokuwa zimerekodiwa na kutunzwa na vituo vya televisheni. Asili ilikuwa bora, nayo ikapotea. Nakala zilikuwa dhaifu, nazo zikabaki kwa kuwa zilikuwa mikononi mwa wengi. Mfano wa pili ni wa Uingereza. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme William, mali ya nchi iliandikwa, na kitabu kilichotokana na kazi hiyo bado kinasomeka. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 yake kwa kukusanya picha na maelezo ya nchi nzima kwenye diski za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisomea zikawa adimu, ikabidi wataalamu wafanye kazi kubwa ili yaliyomo yasomeke kwenye kompyuta za kisasa. Diski hazikuoza. Kilichokufa ni lugha na vifaa vilivyozizunguka. Basi kunakili kuna sura mbili: kuiandika data upya kwenye chombo kipya, na kuihamishia katika muundo ambao programu za wakati huo zinaujua.

Mtu atasema: hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kuna wingu. Pingamizi hilo lina ukweli wake, na ukweli huo unaunga mkono hoja yangu. Wingu ni kompyuta za watu wengine, zenye diski zilezile zinazochoka. Linadumu kwa sababu wenye nalo wanainakili data yako kwenye mashine zaidi ya moja na kubadilisha diski zinapokufa, bila wewe kuona. Unalipia kazi ya kunakili. Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, wingu nalo huungua: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lilelile. Kwetu kuna jambo la ziada, kwamba njia ya kuelekea kwenye wingu ni nyembamba. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na majirani, na aliyekuwa na hati yake kwenye wingu pekee alisubiri. Kisha kuna masharti. Google imejipa haki ya kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2. Na wengi hawajui kwamba huduma ya kuoanisha simu na wingu huoanisha hata makosa: ukiifuta picha kwenye simu, inafutika na kule juu. Wingu ni nakala moja nzuri. Halitoshi kuwa nakala ya pekee.

Pingamizi la pili ni la wanaoamini karatasi, na wana haki ya kusikilizwa. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam zimevuka karne, na UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Miswada na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar vikafuata mwaka 2003. Hakuna flashi yenye sifa hiyo. Karatasi huvumilia kupuuzwa, na kwa hati chache zenye uzito mkubwa, kama hati ya kiwanja au wosia, kuichapa na kuitunza bado ni busara. Lakini tusisahau jinsi fasihi yetu yenyewe ilivyotufikia. Tungo nyingi za Pate na Lamu tunazisoma leo kwa sababu wanakili walizinakili kwa mkono, mmoja wao akiwa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, ambaye kazi za kalamu yake zimo hata kwenye maktaba ya SOAS jijini London. Unyevu na mchwa wa pwani vilikula karatasi nyingi. Kilichoshinda ni mkono ulionakili. Tofauti ni kwamba mkono hukosea, na nakala mbili za utenzi mmoja mara nyingi hazilingani beti kwa beti. Kompyuta ina dawa ya hilo. Chukua tena ile k, 01101011. Ina 1 tano. Ukiongeza biti ya tisa yenye 1 zinakuwa sita, hesabu shufwa. Biti moja ikigeuka njiani hesabu inakuwa witiri, na kosa linajulikana. Richard Hamming alilikuza wazo hilo mwaka 1950, akaonyesha jinsi biti chache za ziada zinavyoweza kutaja hata mahali penye kosa ili lisahihishwe. Hii ndiyo faida halisi ya dijiti juu ya karatasi: nakala ya mia inaweza kuwa sawasawa na ya kwanza, na usawa huo ukathibitishwa kwa hesabu.

Wa tatu atauliza: kama data ni dhaifu hivyo, mbona picha zilizofutwa huibuka tena na kuwaaibisha watu? Kwa sababu kufuta, kama tunavyokufanya kila siku, huondoa jina kwenye orodha tu. Biti zenyewe hubaki kwenye diski mpaka nafasi ile iandikiwe kitu kingine, na kabla ya hapo programu za uokoaji zinaweza kuzirudisha. SSD nyingi hujisafisha zenyewe baada ya muda, diski za sumaku hazifanyi hivyo. Hata RAM si msahaulifu wa kuaminika: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba chipu zikipozwa sana, data hubaki ndani kwa dakika kadhaa baada ya umeme kukatwa. Hapa hakuna mgongano na nilichosema. Kisichosimamiwa hupotea usipotaka na hubaki usipotaka; bahati ndiyo inayoamua. Ndiyo maana simu au kompyuta inayouzwa mitumba haitoshi kufutwa picha moja moja. Irejeshwe katika hali ya kiwandani, na data iwe imesimbwa kwa nywila tangu mwanzo. Usimbaji huohuo unaijibu pia hoja nyingine ya haki, kwamba nakala nyingi ni milango mingi ya wezi. Nakala tatu zilizosimbwa ni salama kuliko moja iliyo wazi kwenye flashi inayopita mkono kwa mkono kila duka la kuchapishia.

Linabaki suala la pesa. Si kila mtu anaweza kununua diski mbili na kulipia wingu, na ushauri unaodai hivyo ni ushauri wa matajiri. Ila gharama inaogopesha kwa sababu tunadhani lazima tuhifadhi kila kitu. Kitabu cha maneno 100,000, kikiwa maandishi matupu, hakifiki megabaiti 1. Picha moja ya simu mara nyingi inazidi hapo. Vyeti vya shule, hati ya kiwanja, hesabu za kikoba, muswada wa kitabu na picha mia zilizochaguliwa vinaenea kwenye flashi ya bei ya chini kabisa na katika nafasi ya bure ya barua pepe. Kinachojaza simu ni video za kuchekesha zilizotumwa kwenye makundi, na hizo zikipotea hakuna anayelia. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa familia nyingi hiyo ni simu, flashi, na ama wingu ama flashi ya pili kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine.

Basi anayeanza nampa kazi badala ya orodha ya istilahi. Chagua faili kumi ambazo ukizipoteza huwezi kuzipata tena. Zinakili sehemu mbili nyingine, kisha zifungue zote kutoka kwenye zile nakala, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu. Andika tarehe, na mwaka kesho rudia.